Saa Isiyo Saa: Uhakiki wa Istilahi za Kugeza Mapigo ya Maikrokontrola kwa Mawasiliano ya Mfuatano, kwa Kurejelea Bonde la Kilombero

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili cha kiufundi kinavyolishughulikia jambo moja dogo lenye madhara makubwa, yaani kugeza saa ya ndani ya maikrokontrola ili kifaa kiweze kutuma na kupokea data kwa njia ya mfuatano bila kuharibu herufi. Matini zinazohakikiwa ni za aina mbili. Ya kwanza ni hati za kiufundi za maikrokontrola za ukoo wa AVR, hususani ATmega328P, ambazo zimeandikwa kwa Kiingereza ilhali mafundi wetu huzifafanulia wenzao kwa Kiswahili. Ya pili ni maneno yenyewe ya Kiswahili yanayojitokeza katika ufafanuzi huo: saa, mapigo, kurekebisha, kusawazisha, kulinganisha, kuhakiki na kugeza.

Eneo la rejea ni Ifakara na Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Uteuzi huu una sababu. Tangu maabara ya uwandani ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi ilipoanzishwa Ifakara katikati ya miaka ya 1950 kwa juhudi za Rudolf Geigy, hadi ilipokuja kuitwa Taasisi ya Afya Ifakara, bonde hili limekuwa miongoni mwa sehemu za Afrika ambako tabia za mbu waenezao malaria zimefuatiliwa kwa miaka mingi. Moja ya maswali makuu ya ufuatiliaji huo ni swali la saa: mbu huuma saa ngapi, na mtu huwa wapi saa hiyo? Utafiti wa Russell na wenzake uliochapishwa katika Malaria Journal mwaka 2011 ulionesha kwamba, baada ya vyandarua vyenye viuatilifu kuenea katika bonde hili, sehemu ya mbu wanaouma nje ya nyumba iliongezeka. Hitimisho la namna hiyo husimama juu ya safu ya saa katika jedwali. Ikiwa safu hiyo imejazwa na kifaa, basi uaminifu wake hutegemea kitu ambacho fundi hukiita pia "saa". Hapo ndipo tatizo la kiistilahi linapoanza kuwa tatizo la data.

Kinadharia, makala yanaegemea mivutano kati ya mikabala miwili. Eugen Wüster, ambaye alikuwa mhandisi kabla ya kuwa baba wa taaluma ya istilahi, alijenga mkabala wake wa jumla kutokana na kazi yake ya mwaka 1931 kuhusu usanifishaji wa lugha katika ufundi, hasa ufundi wa umeme. Alisisitiza kwamba dhana moja ipate istilahi moja, na istilahi moja ibebe dhana moja. María Teresa Cabré, katika mkabala wake wa kimawasiliano, aliona kwamba istilahi huishi ndani ya lugha ya watu, na kwamba uwingi wa maana si ugonjwa wakati wote. Mwandishi anaafikiana na Cabré kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, neno saa ni mahali ambapo Wüster anashinda.

2.0 Sentensi moja na usomaji wake

Chukulia kwamba katika daftari la uwandani imeandikwa sentensi hii: "Saa ya kifaa imerekebishwa tarehe 14." Ni sentensi sahihi kisarufi, fupi, na mtu yeyote wa Ifakara ataielewa. Tatizo ni kwamba ataielewa kwa namna mojawapo kati ya tatu.

Katika usomaji wa kwanza, kifaa kilikuwa kinaonesha saa isiyo ya kweli, na mtu ameiweka upya, kama tuwekavyo saa ya ukutani baada ya kubadilisha betri. Katika usomaji wa pili, kasi ya mapigo ya ndani ya maikrokontrola ilikuwa kubwa au ndogo kupita kiasi, na fundi ameibadilisha thamani iliyo katika rejista inayotawala kasi hiyo. Katika usomaji wa tatu, sehemu fulani ya kifaa ilikuwa mbovu nayo imetengenezwa au imebadilishwa, kwa kuwa kurekebisha katika matumizi ya kila siku ni pamoja na kutengeneza.

Tofauti hizi hazimgusi mwanaisimu pekee. Mchambuzi wa data aliyeko Dar es Salaam au Basel, ambaye hajawahi kukiona kifaa, atahitaji kusahihisha kumbukumbu za kabla ya tarehe 14. Kama usomaji wa kwanza ndio sahihi, na kasi ya kifaa ilikuwa nzuri, atajumlisha au kutoa kiasi kilekile kwa kila mstari. Kama usomaji wa pili ndio sahihi, kujumlisha hakusaidii. Lazima azidishe, kwa sababu kosa hukua kadiri siku zinavyopita. Kama usomaji wa tatu ndio sahihi, basi kifaa cha kabla na kifaa cha baada ni vifaa viwili, na data zao zitenganishwe. Kitenzi kimoja kimeficha hesabu tatu zisizofanana. Msimamo wa Cabré kwamba muktadha hutatua utata unahitaji muktadha uwepo, na daftari la uwandani halina muktadha: mwandishi wake amekwisha kupanda basi kwenda kijiji kingine.

3.0 Hati ya kiufundi: inachosema na inachonyamazia

Kabla ya kulaumu Kiswahili, ni haki kuisoma hati yenyewe kwa jicho la uhakiki. Hati ya ATmega328P inaeleza kwamba osileta ya ndani, ambayo hutegemea rezista na kapasita zilizochongwa ndani ya kipande hicho cha silikoni, imewekwa kiwandani itoe masafa ya megahezi 8, kwa usahihi wa asilimia 10 juu au chini, katika volti 3 na nyuzi 25 za Selsiasi. Mtumiaji akiigeza mwenyewe katika volti na joto lisilobadilika, anaweza kufikia asilimia 1. Maneno mazito katika kauli hiyo ni "lisilobadilika" na "nyuzi 25". Kiwanda kimesema ukweli, lakini ukweli wa chumba chenye kiyoyozi. Kifaa kilichofungwa chini ya paa la bati katika kijiji cha bondeni hupita nyuzi 25 asubuhi na mapema, na volti ya betri yake hushuka usiku kucha hadi sola iamke. Masafa ya osileta ya namna hii hubadilika pamoja na joto na volti. Hati haijadanganya, imechagua tu mahali pa kusimama, kama msimulizi yeyote.

Kwa nini kasi ya mapigo iathiri maandishi? Katika mawasiliano ya mfuatano yasiyo na waya wa mapigo, herufi moja husafiri kama biti 10 zinazofuatana juu ya waya mmoja: biti ya kuanza, biti 8 za data, na biti ya kusimama. Mtumaji na mpokeaji hawana mwamuzi wa pamoja. Mpokeaji huona mstari ukishuka, anajua herufi imeanza, kisha huhesabu kwa mapigo yake mwenyewe ili asome katikati ya kila biti. Katika kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, biti moja hudumu takribani maikrosekunde 104. Kosa dogo katika biti ya kwanza halidhuru, lakini hujilimbikiza. Kufikia katikati ya biti ya kusimama, muda uliopita ni wa biti 9.5. Kosa la jumla likizidi nusu ya biti katika umbali huo, yaani asilimia 5.3 hivi, mpokeaji atakuwa anasoma biti ya jirani. Kwa kuwa mpokeaji wa AVR hugawanya kila biti katika vipande 16 na huchukua sampuli tatu za katikati kwa kura ya walio wengi, kikomo halisi hupungua kufikia takribani asilimia 4.5, na hati inapendekeza kila upande usizidi asilimia 2 kwa herufi ya biti 8.

Mfano utasaidia. Tuseme mpokeaji anachukua sampuli zake mapema kwa asilimia 7. Tarakimu 3 husafirishwa ikianza na biti ndogo: 1, 1, 0, 0, 1, 1, 0, 0. Biti za mwanzo atazisoma sawasawa. Akifika kwenye biti ya saba atakuwa bado yuko ndani ya biti ya sita, ambayo ni 1, na hivyo ataandika 1 mahali palipokuwa na 0. Herufi inayotokea ni s. Kwa kuwa tarakimu zote kuanzia 0 hadi 9 zina umbo lilelile katika biti zake za juu, zote hugeuka kwa mpangilio uleule kuwa herufi kuanzia p hadi y, na nukta hugeuka kuwa n. Joto la nyuzi 31.4 husomeka "sqnt". Fundi asiyejua chanzo atasema kifaa kimeingiwa na maji, dhana ambayo katika bonde linalofurika kila masika ina mashiko, ila katika mfano huu si sahihi.

Kuna chanzo kingine cha kosa ambacho si cha osileta kabisa. Kasi ya biti hupatikana kwa kugawanya masafa makuu kwa namba kamili, na namba kamili hazitoshei kila mahali. Kutoka megahezi 8, kasi ya 9,600 hupatikana kwa kosa la asilimia 0.2 tu, lakini kasi ya 115,200 hupatikana kwa kosa la asilimia 8.5, au asilimia 3.5 upande wa pili ikiwa mfumo wa kasi maradufu umewashwa. Kifaa kinaweza basi kuwa na mapigo sahihi kabisa na bado kikaongea takataka. Katika mafunzo yanayotolewa kwa Kiswahili, mara nyingi hali hizi mbili huelezwa kwa kauli moja, "saa haiko sawa", ilhali dawa ya ya kwanza ni kugeza na dawa ya ya pili ni kuchagua kasi nyingine. Hili nalitaja kwa ufupi, maana ufafanuzi wake ni wa hesabu kuliko wa lugha.

Jambo linalostahili kukaziwa zaidi ni pendekezo lile la asilimia 2. Msingi wake ni dhana kwamba mtumaji na mpokeaji wanagawana kosa kwa usawa. Yaani hati inakiri kimyakimya kwamba usahihi unaohitajika hapa ni wa uhusiano. Maikrokontrola mbili zinazokimbia zote kwa asilimia 6 zitaelewana bila kukosea hata herufi moja, ingawa zote mbili zimepotoka kwa kipimo cha ulimwengu. Kwa hiyo mafanikio ya mawasiliano hayathibitishi kwamba mapigo ni sahihi. Yanathibitisha tu kwamba wanaozungumza wamekosea kwa namna moja. Mwanafunzi anayeambiwa kwa Kiswahili kwamba "saa ikiwa sahihi data zitapita" huelekea kuigeuza kauli hiyo mwenyewe, akadhani kwamba data zikipita saa ni sahihi.

Utaratibu wa kugeza wenyewe ni mzuri kiasi cha kustahili kuelezwa vyema kwa Kiswahili. Kompyuta hutuma herufi U, ambayo biti zake, pamoja na ile ya kuanza na ile ya kusimama, hupishana 0 na 1 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maikrokontrola hupima muda kati ya mshuko wa kwanza wa mstari na mshuko wa tano, ambao ni muda wa biti 8 kamili. Katika kasi ya 9,600, muda huo ni maikrosekunde 833, sawa na mapigo 6,667 ya megahezi 8. Ikihesabu 6,800, inajua kwamba yenyewe inakimbia kwa asilimia 2, na hupunguza thamani ya rejista OSCCAL hatua kwa hatua. Magari hutumia mbinu hiyohiyo katika mtandao wa LIN, ambamo kifaa kidogo kisicho na fuwele huruhusiwa kuanza na kosa la hadi asilimia 14 na kutakiwa kifikie asilimia 2 baada ya kusikia alama ya ulinganifu. Njia nyingine ni kuunganisha fuwele ya saa ya mkononi, ile inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, na kuhesabu ni mapigo mangapi ya ndani yanapita katika sekunde moja ya fuwele hiyo.

Hata rejista hiyo ina mtego wa kifasihi, kwa maana ya kwamba inamhadaa msomaji anayeamini mfuatano. Katika ATmega328P thamani za OSCCAL zimegawanyika katika masafa mawili yanayopandana, hata thamani 127 ikatoa mapigo ya kasi kuliko thamani 128. Aidha, hati za ukoo huu zinaonya dhidi ya kubadilisha masafa kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mkupuo mmoja. Anayetafsiri maelezo haya kwa kauli "ongeza namba ili saa iende haraka" ametafsiri maneno yote na kuacha maana.

4.0 Saa mbili usiku

Hadi hapa saa imekuwa jina la mapigo. Turudi kwenye saa kama jina la wakati, kwa kuwa kifaa kilekile hubeba zote mbili.

Kwa mawasiliano ya mfuatano, kosa la asilimia 1 ni mafanikio. Kwa kutunza wakati, kosa hilohilo ni maangamizi. Siku moja ina sekunde 86,400. Asilimia 1 ni sekunde 864, yaani dakika 14 na ushei. Kifaa kikiachwa kijijini juma moja, kikihesabu wakati kwa osileta hiyohiyo ya ndani, kitapotoka kwa zaidi ya saa moja na dakika 40. Fuwele ya kawaida ya saa ya mkononi, yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni, hupotoka chini ya sekunde 2 kwa siku. Fundi aliyeigeza osileta vizuri kabisa na kuandika "saa iko sahihi" hajasema uongo kuhusu herufi. Amesema uongo kuhusu usiku. Zaidi ya hayo, makosa haya mawili hayana sauti sawa. Herufi zilizoharibika hupiga kelele: kila mtu anaona kwamba "sqnt" si joto. Wakati uliopotoka hunyamaza: 21:10 ni wakati halali kama 19:30, na hakuna anayestuka. Kwa maoni ya mwandishi, hii ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kukataa neno moja kwa dhana hizi mbili. Neno saa linahamisha imani kutoka kwenye kosa linalosikika hadi kwenye kosa lisilosikika.

Ukamataji wa mbu katika tafiti za namna hii kwa kawaida huanza saa kumi na mbili jioni na kuendelea hadi saa kumi na mbili asubuhi, na huhesabiwa saa kwa saa. Mpotoko wa saa moja na nusu unaweza kumhamisha mbu kutoka wakati ambao familia ingali uani ikila hadi wakati ambao wote wamo ndani ya chandarua. Mjadala kuhusu kuuma nje na mapema umejengwa juu ya tofauti za ukubwa huo.

Kisha kuna hesabu ya Kiswahili ya saa, ambayo vifaa havijawahi kuijua. "Saa 2:00 usiku" kwa mkazi wa Ifakara ni saa mbili baada ya jua kuzama kwa makadirio ya kawaida. Kwa anayesoma kwa mazoea ya Kiingereza ni 02:00, usiku wa manane. Tofauti ni ya saa sita, na katika swali la mbu ni tofauti kati ya mtu aliye nje akiongea na mtu aliyelala. Kifaa kinachotunza wakati wa kimataifa kitaandika 17:00 kwa tukio hilohilo, kwani Tanzania iko mbele kwa saa tatu. Mstari mmoja wa data unaweza hivyo kubeba 2:00, 20:00 na 17:00, na zote zikawa sahihi. (Ifahamike pia kwamba saa yetu rasmi imefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Ifakara iko karibu na nyuzi 36.7. Jua la Ifakara kwa hiyo huchelewa kwa takribani dakika 33 nyuma ya saa ya serikali, na "saa kumi na mbili jioni" bondeni bado kuna mwanga. Mbu hawasomi sheria.)

Yaweza kudaiwa kwamba suala hili la saa sita linajulikana na kila mtafiti, na kwamba fomu nyingi hutumia mfumo wa saa 24. Ni kweli. Lakini fomu haisemi. Anayesema ni mtu, na maelekezo kwa mkusanyaji data hutolewa kwa Kiswahili cha kusema. Fomu hupokea matokeo ya mazungumzo ambayo hayakuandikwa.

5.0 Kurekebisha, kusawazisha, kulinganisha, kugeza

Msamiati wa Kimataifa wa Metrolojia, katika toleo lake la 2008 na lile la 2012, unatenganisha vitendo vitatu ambavyo wahandisi wa Kiingereza huvichanganya kila siku. Kuna kitendo cha kulinganisha chombo na kipimo rejea na kuandika tofauti iliyopo. Kuna kitendo cha kukibadilisha chombo ili tofauti hiyo ipungue. Na kuna kitendo cha kuthibitisha kwamba chombo kimetimiza masharti yaliyowekwa. Msamiati huo unaonya wazi kwamba cha kwanza kisichanganywe na cha pili wala cha tatu. Katika hati za maikrokontrola, hata hivyo, neno moja la Kiingereza hutumika kwa kupima kosa na kwa kubadilisha thamani ya OSCCAL. Kwa hiyo anayekopa neno hilo na kulivika sauti za Kiswahili, akasema "kukalibreti", hakopi usahihi. Anakopa mkanganyiko pamoja na neno. Hoja kwamba mkopo ni salama zaidi kwa sababu "ni wa kimataifa" haisimami hapa.

Kiswahili kina nini ghalani? Kurekebisha kumekwisha kujadiliwa: ni kitenzi kizuri kwa kitendo cha pili pekee. Kusawazisha huleta picha ya kufanya pande mbili ziwe sawa, kama mizani au ardhi ya jaruba la mpunga. Kina thamani kwa hali ya vifaa viwili vinavyozungumza, ambapo kila upande unaweza kusogea, lakini hakisemi ni upande upi ulio rejea. Maikrokontrola inapopimwa kwa fuwele, fuwele haisogei. Kulinganisha kina usahihi wa kitendo cha kwanza, ila ni kipana mno: twalinganisha pia watu, bei na mashairi.

Kugeza ni neno la namna nyingine. Shirika la Viwango Tanzania hutumia ugezi kwa huduma yake ya kupima vyombo kwa kulinganisha na viwango rejea, na kwa hiyo neno hili lina makao rasmi tayari. Udhaifu wake unajulikana: nje ya shirika hilo si wengi walitumiao, na kwa sikio la wazungumzaji wengine kugeza ni kuiga, kama mtoto agezavyo mwendo wa babaye. Wapo watakaolikataa kwa sababu hiyo. Nadhani wanakosea. Kuiga ndiko kunakofanyika: osileta hujaribu kufuata mwendo wa kitu kilicho sahihi kuliko yenyewe, na mafanikio yake hupimwa kwa ukaribu wa uigaji huo. Zaidi ya hapo, zao la kitenzi hiki linajulikana na kila mwanafunzi wa sekondari: kigezo. Anayejua kigezo anaweza kufundishwa kugeza kwa sentensi moja. Kiistilahi, faida kubwa ni kwamba kitenzi hiki hudai kitajwe kitu cha pili. Mtu hugeza kitu kwa kitu. "Mapigo yamegezwa" ni kauli inayoacha swali wazi, yamegezwa kwa nini, na swali hilo ndilo "imerekebishwa" huliziba.

Kwa kitendo cha tatu neno lipo na linafanya kazi. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani ya wafanyabiashara, na mkulima wa mpunga wa Kilombero aliyewahi kuuza mzigo kwa mizani anaelewa mizani iliyohakikiwa ni ipi bila kupewa semina. Hainipiti kwamba neno hilihili, uhakiki, ndilo jina la kazi inayofanyika katika makala haya; sitaki kulifanya fumbo, lakini linaonesha kwamba lugha imekwisha kukubali kitenzi hiki kibebe wazo la kupima kitu kwa masharti yaliyotangazwa.

Kuhusu nomino, pendekezo ni kuliachia neno saa kazi yake ya kutaja wakati na chombo cha wakati, na kuiita saa ya ndani ya maikrokontrola mapigo ya ndani. Neno mapigo halihitaji kubuniwa. Muuguzi wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara anayeshika mkono wa mgonjwa huku akitazama saa anageza mapigo kwa saa, na hakuna anayechanganya kimoja na kingine, ingawa vyote viwili vinahesabu. Picha hiyo inabeba hata sifa ambayo hati ya kiufundi huificha kwenye tanbihi, yaani kwamba mapigo hupanda na joto la mwili bila moyo kuwa mbovu. Pingamizi moja lina uzito: pigo moja la mapigo ya ndani ni la muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, na sitiari ya moyo hailisaidii jambo hilo. Mapigo yasiyosikika yatabaki kuhitaji namba.

Mradi wa HumBug wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambao umerekodi milio ya mabawa ya mbu kwa kushirikiana na taasisi ya Ifakara, unaonesha ni wapi pendekezo hili lingejaribiwa zaidi, hata kama simu zinazotumika kurekodi zina fuwele na hazisumbuliwi na kosa la asilimia 1. Tuseme kinasa sauti cha bei ndogo kinaendeshwa na osileta ya ndani inayokimbia kwa kiasi hicho. Kitachukua sampuli 8,080 katika sekunde halisi na kuziandika kama 8,000, na mlio wa hezi 600 utaonekana kuwa wa hezi 594. Mapigo ya kifaa yamekimbia, mabawa ya mbu yameonekana kupunguza kasi. Jaribu kulieleza hilo kwa kutumia neno saa kwa vyote, uone.

Tukirudi kwenye daftari, mstari ule wa tarehe 14 ungeandikwa hivi: "Mapigo ya ndani yamegezwa kwa fuwele ya saa, tarehe 14, 14:30, nyuzi 34, volti 3.1, yamekutwa yanakimbia kwa asilimia 1.3, yamerekebishwa, yamehakikiwa kwa mstari wa herufi U, saa ya kumbukumbu haikuguswa." Mchambuzi anajua sasa kwamba kumbukumbu za nyuma huzidishwa, kwamba sehemu za kifaa ni zilezile, na kwamba namba hiyo ni ya alasiri yenye joto na si ya usiku. Mstari huu ni mrefu mara kadhaa kuliko ule wa awali, na safu ya maoni katika fomu za uwandani ni nyembamba. Kuhakikiwa kunaweza kubaki alama ya vema, na jina la kigezo linaweza kuchapwa kwenye fomu kabisa. Asilimia, nyuzi na volti lazima ziandikwe kwa mkono kila mara.